Sifa za Kundi Gumu

Mume wangu alianza kufundisha timu ya mpira ya mtaani kwetu, hapa Mkuza, Kibaha, wakati mtoto wetu wa kwanza hajaanza shule, na mtoto huyo leo ana watoto wake. Miaka yote hiyo timu haikuvuka hatua ya makundi ya ligi ya mkoa. Haikuvuka hata mara moja. Ukimuuliza mume wangu sababu, au ukimsimamisha mtu yeyote wa Mkuza barabarani ukamuuliza, utajibiwa kwa maneno mawili: kundi gumu. Maneno hayo nimeyasikia mezani kwangu, nimeyasikia kwenye harusi na kwenye matanga, na siku moja niliyasikia hospitali, daktari alipomuuliza mume wangu kwa nini presha yake haishuki. "Daktari, si unajua sisi tuko kundi gumu," akasema. Daktari wa watu akabaki anamtazama, maana hakuwa mtu wa mpira.

Niieleze kidogo ligi yenyewe, mtu asije akadhani nawasingizia. Timu za wilaya zote za mkoa wetu zinagawanywa katika makundi. Zinacheza nyumbani na ugenini, halafu mbili za juu katika kila kundi zinakwenda kukutana kwenye kituo kimoja, na bingwa wa hapo anapanda daraja. Kwa miaka mingi makundi yalipangwa kwa kuangalia nauli. Timu zilizo karibu ziliwekwa pamoja ili zisihangaike na safari ndefu. Ndivyo sisi tulivyojikuta na timu ya wanajeshi, ambao kukimbia kwao ni sehemu ya kazi, na timu ya kiwanda yenye basi lake na daktari wake, na timu ya Kisarawe. Sisi tulikuwa na madereva wa bodaboda, walimu wawili wa shule ya msingi, mwashi mmoja, na kipa aliyekuwa fundi wa kuchomelea mageti kule Misugusugu. Wanajeshi na kiwanda walipokezana nafasi ya kwanza na ya pili. Sisi na Kisarawe tuligombea nafasi ya tatu, ambayo haimpeleki mtu popote, na tuliigombea kwa nguvu ambazo sijawahi kuona watu wakizitumia kwenye jambo lenye faida.

Kisarawe ni kwetu. Nilizaliwa huko, na mwalimu wa timu yao ni mdogo wangu, tumbo moja. Kwa hiyo mnaelewa nilivyokaa. Kila Idi mdogo wangu anakuja kwangu na mihogo na korosho, anamwita mume wangu shemeji, wanakula sahani moja, wanacheka hadi machozi yanawatoka. Kisha mmoja wao anataja penalti fulani ya zamani, na hapo mimi huchukua vyombo nikaenda jikoni kwa sababu najua hakutakuwa na mazungumzo mengine hadi jioni.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani, na jezi za timu zinakaa kwangu kwa sababu mimi ndiye ninayezishona zikichanika. Kundi lile nililijua kwa nyuzi. Wanajeshi walichana begani, kwa kuvuta. Wa kiwanda hawakuchana kitu, walikuwa wanakufunga bila kukugusa. Wa Kisarawe walichana chini, kwenye pindo, mahali ambapo refa haoni mkono, na najua nani aliyewafundisha, kwa sababu mdogo wangu alinivuta gauni hivyohivyo utoto wetu wote na mama akatazama akasema nimejikwaa.

Sasa kufungwa peke yake si neno. Kila timu inafungwa. Kilichokuwa kinanitia wazimu ni jinsi kufungwa kulivyogeuka kuwa sifa. Mwenyekiti wa timu ana duka la vifaa vya ujenzi eneo la Kwa Mathias, na wapenzi wa timu hukaa humo juu ya mifuko ya saruji kana kwamba wameajiriwa kuilinda. Ukienda kununua misumari unarudi umechelewa, maana lazima usikilize. Mchezaji akionekana kwenye televisheni akichezea klabu kubwa, mmoja wao atasema, "Huyu alitufunga sisi," na atalisema kwa kifua mbele, kama mtu anayetaja jina la mkwe wake tajiri. Mwingine atasema, "Siku ile tuliwabana wanajeshi, walitufunga moja tu, tena dakika za mwisho." Na ikitajwa timu yoyote ya makundi mengine iliyofanikiwa kwenda mbele, wote watatoa sauti ileile ya puani: "Aah, wale walipita kundi laini." Kwao timu iliyopanda haikuwa na maana kama sisi tuliobaki. Kijana alikuwa anasajiliwa leo, na kabla hajajua nani anapiga kona tayari anajua kusema kundi gumu.

Lakini mimi nililala nyumba moja na mwalimu wao, na niliona wasichokiona. Nilimwona jioni akichukua vifungo vyangu kwenye kopo, vyeupe ni sisi, vyeusi ni wao, akavipanga juu ya meza ninayokatia nguo, akavisogeza kimoja kimoja, anawaza. Alivimaliza vifungo vyangu vyeusi kwa wanajeshi peke yao. Mimi si mke wa kumsifia mume ovyo, waliotujua watakuambia. Ila huyu mtu alijua mpira. Alichukua dereva wa bodaboda aliyezoea kukaa siku nzima akamgeuza beki ambaye hata kiwanda walimtamani. Alipotangaza kwamba msimu unaofuata ungekuwa wake wa mwisho, kwa sababu ya magoti na hiyo presha, mimi nilibaki na haja moja tu. Nilitaka avuke, apande, mara moja, kabla hajakaa. Nilimwambia hivyo waziwazi, na yeye akaniambia ndicho anachokitaka kuliko kitu chochote alichobakiza katika mpira.

Basi msimu huo wa mwisho kamati ya ligi ikaamua kuachana na habari za nauli. Makundi yakapangwa kwa kura, vikaratasi kwenye bakuli. Mume wangu alikwenda kushuhudia. Aliporudi nilimwona tangu getini kwamba kuna msiba.

"Tumetoka," akasema.

"Mmetoka wapi?"

"Kwenye kundi."

Nilidhani timu imefungiwa. Ikabidi nimvute maneno mpaka nikaelewa: wanajeshi, kiwanda na Kisarawe wamebaki pamoja, sisi tumetupwa kundi lingine, na timu changa za kusini mwa mkoa, moja yao haijamaliza hata mwaka tangu iundwe. Nikapiga vigelegele. Mume wangu akanitazama kama mtu aliyechekwa akiwa mazikoni.

Kesho yake wazee wa timu wakaja nyumbani. Walikuja na kanzu zao na kofia zao, wakajaza sebule, na mimi nikawapelekea chai nikijua fika wamekuja kupanga jinsi ya kuitumia bahati ile. Hawakuja kwa ajili hiyo. Walikuja kupanga rufaa. Walitaka kamati iwarudishe kwenye kundi gumu.

Nilisimama na birika mkononi nikasikiliza mpaka uvumilivu ukaniisha. "Samahanini wazee wangu," nikasema. "Naomba kuelewa. Mnakata rufaa ili mkafungwe?"

Mwenyekiti alinijibu kwa upole, kwa sauti ya kumweleza mtu mgeni. "Mama, si kufungwa. Ni heshima. Timu yetu mkoa mzima inajulikana kwa kundi lile. Tukitoka pale sisi ni nani?"

"Ni timu itakayopanda," nikamwambia.

"Watasema tulipita kundi laini," akasema, na wenzake wote wakaguna, na nikaona mume wangu naye, mtu aliyeniambia anataka kupanda kuliko kitu chochote, anatikisa kichwa kukubali. Nikaenda jikoni. Ningebaki pale ningesema maneno ya kukosea wazee heshima. Rufaa ilipelekwa kweli, nimesikia kamati walicheka mpaka katibu akatoka nje, na jibu likawa hapana.

Msimu ukaanza na timu ikashinda. Ilishinda nyumbani, ikashinda ugenini, ikatoka sare mara moja kwa sababu ya mvua. Jezi zilikuwa zinarudi kwangu nzima, chafu tu, na kwa mara ya kwanza nikawa nazifua bila kuchukua sindano. Nilifurahi sana. Nilikuwa peke yangu katika furaha hiyo. Uwanjani walikuwa wanakuja watu wa kuhesabika, na wengi wao ni wake na mama za wachezaji. Kwa Mathias, juu ya mifuko ya saruji, walizungumzia kundi la wanajeshi, mechi ambazo sisi hatumo, kwa undani kama vile tunacheza. Mume wangu akipita wanamwambia, "Hongera mwalimu, naona mmewafunga tena wale watoto," na yeye anarudi nyumbani amenuna.

Siku walipojihakikishia kuongoza kundi, mechi zikiwa bado hazijaisha, alifika akaketi bila kuvua viatu. Nilimpa mkono nikamwambia hongera, mume wangu, umevuka. Maisha yote tumeingoja siku hii.

"Kundi lenyewe lile," akasema.

Hapo nilikasirika. Nilimwambia kwamba bao ni bao, na pointi ni pointi, na kwamba kama Mungu angempa mtoto kwa uzazi mwepisi asingemrudisha hospitali kwa sababu mama yake hakuteseka vya kutosha. Akasema mimi sielewi mpira. Nikamwambia mimi nimeshona mpira wake tangu nywele zake nyeusi, na kama kuna asiyeelewa si mimi.

Zilibaki siku chache kabla ya kwenda kituoni. Kisarawe, kama kawaida, walikuwa wamemaliza wa tatu nyuma ya wanajeshi na kiwanda, msimu wao umeisha, wachezaji wao wamerudi mashambani na kwenye shughuli zao. Timu yenye akili ingepumzika. Ingewapaka wachezaji dawa, ingewalisha, ingewafungia ndani ikibidi. Lakini pale dukani mtu mmoja, sijui nani na afadhali sijamjua, alikuwa amesema, "Mngekutana na Kisarawe mwaka huu mngejua kama mmekua au bado." Maneno hayo yakamwingia mume wangu mpaka kwenye mifupa. Nikamsikia barazani anapiga simu.

"Shemeji," alisema, "tucheze. Kirafiki tu. Jumamosi, kwenu."

Nilingoja atoke, nikampigia mdogo wangu mwenyewe.

"Kataa," nikamwambia.

"Dada, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Kataa hiyo mechi. Wenzako wana safari wiki ijayo."

"Nikikataa watu wa huku watasema nimeogopa. Na ni yeye aliyeomba, si mimi."

"Basi wachezeshe wa akiba."

Hapo nilimuudhi. "Dada, yeye aje na kikosi cha kwanza, mimi nimtolee akiba? Shemeji yangu? Si nitakuwa nimemdharau?"

Nilimwambia kama ni hivyo awaambie vijana wake wacheze taratibu. Akasema atawaambia. Nadhani aliwaambia, kwa namna ambayo watu wanaambiwa kitu ili ionekane wameambiwa. Jioni nikamrudia mume wangu. Nikamwomba jambo moja dogo, kipa asiende, abaki Misugusugu na mageti yake. Bila kipa yule hakukuwa na timu, hilo yeye ndiye aliyenifundisha. Akasema wakienda bila kipa, hata wakishinda haitahesabika. Nikamuuliza itahesabika wapi, ni mechi isiyo na pointi, hakuna mahali popote duniani inapoandikwa. Alikuwa ameshafungua kopo la vifungo.

Jumamosi ile niliona Kibaha yote imeamka. Watu ambao msimu mzima hawakuwahi kuja uwanjani walikodi magari. Pikipiki zilipanga foleni, wakakatiza kwa njia ya Kiluvya na bendera. Mwenyekiti alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata mkewe alipojifungua. Nami nikaenda. Nilisema nakwenda kuwasalimu ndugu, ila kwa kweli nilikwenda kumlinda kipa, kana kwamba ningeweza.

Kisarawe kulikuwa na umande bado na uwanja ulikuwa na watu kuzunguka pande zote. Shangazi yangu aliniwekea nafasi kwenye mkeka akaniuliza leo niko upande gani, upande wa ndoa au wa kitovu. Nikamwambia niko upande wa watu wenye akili, akasema basi nitakaa peke yangu. Refa alikuwa mwalimu wa sekondari aliyedhani amekuja kupuliza kipenga kidogo na kunywa soda. Baada ya dakika chache alikuwa anakimbia kuliko wachezaji, jasho linamtoka, ameitisha kadi alizokuwa hajazitoa kwenye begi.

Sijawahi kuona timu ya mume wangu ikicheza vile, na nasema hivyo nikiwa na hasira mpaka leo. Kisarawe walitangulia kufunga. Kisha yule mwashi wetu akasawazisha kwa kichwa, na kipindi cha pili dereva mmoja wa bodaboda aliukokota mpira toka katikati, wakamvuta jezi pindoni, ikachanika, akaendelea na kipande kinapepea nyuma, akafunga. Mwenyekiti aliketi chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. Mume wangu alikuwa amesimama ameshika kichwa, anacheka, anaonekana kijana, na mdogo wangu upande wa pili anawafokea watu wake kwa maneno ambayo mama asingeyapenda. Nilijikuta nami nimesimama. Nilitaka kumwita mume wangu nimwambie mtoe sasa, mtoe kipa sasa hivi, umeshathibitisha. Nisingesikika.

Ilikuwa kona ya mwisho mwisho. Kipa alitoka kuupiga ngumi, straika wao naye akaruka, wakagongana hewani, na kipa akaangukia mkono wake. Kelele zikakatika upande mmoja, halafu upande wa pili. Kwenye kituo cha afya waliikata jezi yake kwa mkasi ili wauone mkono, na kwa jinsi ulivyokaa hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba umevunjika. Huku nyuma wakaingiza kipa wa akiba, mechi ikamalizika, tukawa tumeshinda. Hata hivyo niliamini kwamba safari ya kurudi watu watakuwa na huzuni. Waliimba kutoka Kisarawe mpaka Kwa Mathias. Kipa alikaa kiti cha mbele, mkono umefungwa kwa kanga yangu, uso umepauka kwa maumivu, na yeye anaimba. Nilimwomba angalau yeye anyamaze. Akaniambia, "Mama, leo tumewafunga kwao."

Kituoni tulikwenda bila kipa, na wachezaji wawili wengine wanachechemea. Sitaki kueleza sana. Kipa wa akiba alijitahidi, lakini mipira ya juu ilimshinda, na kila timu iliona hilo mapema ikawa inampigia huko huko. Tulifungwa ya kwanza, tukafungwa ya pili, tukafungasha. Timu iliyokuwa bingwa, iliyopanda, iliyopigiwa picha na kombe, ilikuwa ile iliyoshika nafasi ya pili kwenye kundi letu. Kundi laini. Ile iliyokuwa haijamaliza mwaka tangu iundwe, ambayo tuliifunga kwetu na tukaifunga kwao.

Nilidhani basi, sasa wataona. Nilikwenda dukani kwa mwenyekiti kununua bati moja la jikoni, nikiwa nimejiandaa kabisa kuwahurumia. Juu ya mifuko walikuwa wanasimulia Kisarawe. Lile bao la pili lilikuwa limeshaanza kuongezeka urefu, mpira sasa ulikuwa umetoka golini kwetu. Habari za kituoni hazikutajwa, au zilitajwa kwa sentensi moja, kwamba kipa alikuwa majeruhi. Walipomuaga mume wangu, pale shuleni, kwa pilau na viti vya kukodi, mwenyekiti alishika kipaza sauti akasema tunamuaga mwalimu aliyewafunga Kisarawe kwao. Watu wakasimama wakapiga makofi. Mdogo wangu alikuwepo, na yeye alipiga makofi, wanaume hawa sijui niwafanyeje. Hakuna aliyesema kwamba tunamuaga mwalimu aliyevuka kundi. Nilimtazama mume wangu, akawa anatabasamu, nikaamua kwamba basi, pengine hicho ndicho alichokitaka muda wote na mimi ndiye mjinga niliyedhani anataka kupanda.

Msimu huu wamepiga kura tena. Matokeo yalifika Mkuza mchana, na nilijua kabla sijaambiwa kwa sababu ya honi barabarani. Wanajeshi, kiwanda, Kisarawe na sisi. Watu walipita kumpa mume wangu hongera, ingawa si mwalimu tena, na kila mmoja alimwambia tumerudi, mzee, tumerudi kwetu. Yeye aliwapokea, akawacheka, akakumbushana nao. Walipokwisha kuondoka alivuta kigoda akakaa karibu na cherehani, akanitazama nikishona sare ya mtoto wa mtu.

"Wale waliopanda," akasema, "tuliwafunga mara mbili."

"Ndiyo."

"Nyumbani na ugenini."

"Ndiyo."

Akapitisha kiganja kwenye goti lake bovu. "Kumbe tungepanda," akasema.

Mambo ya kumwambia siku akifikia neno hilo nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nimeyapanga kwa miezi, nikiwa pale pale kwenye cherehani, mengine yalikuwa makali na mengine yalikuwa yanachekesha, na yote yalikuwa ya haki. Nikasimamisha mguu. Nikamwona alivyozeeka.

"Ndiyo, mume wangu," nikasema. "Mngepanda."

Pikipiki moja ikapita njiani, na kijana aliyekaa nyuma akapaza sauti kumsalimia, "Mwalimu aliyewafunga Kisarawe kwao huyo!" Mume wangu akainua mkono na kutabasamu, kama anavyowatabasamia wote. Vumbi likatulia, pikipiki haisikiki tena, na mkono wake ulikuwa bado uko juu.